Laptopu Inayogeuka Tabuleti: Mwongozo Kamili wa Kuianza Bila Kumkimbilia Fundi

Maswali yanayonijia kutoka Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru ni yaleyale. Kibodi imekufa. Skrini haizunguki. Nywila inakataliwa ingawa mwenyewe anaapa ameiandika sawa. Kalamu mpya haichori kitu. Laptopu inapelekwa kwa fundi, skrubu zinafunguliwa, na mara nyingi mashine haikuwa na ubovu wowote. Ilikunjwa kabla ya kutayarishwa.

Kwa hiyo ukifuata mwongozo huu, fuata mpangilio wake. Ukishaikagua bawaba dukani (Hatua ya 1), itumie kama laptopu ya kawaida mpaka Hatua ya 6. Kukunja hutegemea vihisi vilivyo ndani ya mashine, na vihisi hutegemea programu ndogo ziitwazo draiva. Draiva zisipokuwepo utaona makosa ambayo si makosa.

## Unachohitaji

- Laptopu na chaja yake halisi, si ya kuazima.
- Wi-Fi isiyopimwa kwa bando: ya ofisini, ya shule au fiba ya nyumbani. Simu itasaidia mwanzoni, lakini masasisho ya Windows hufika GB kadhaa na bando litaisha katikati.
- Ekstensheni yenye kinga ya stima.
- Kitambaa laini kama kile cha kufutia miwani.
- Daftari la kuandikia namba ya utambulisho ya mashine (serial number) na nywila zako. Ndiyo, daftari la karatasi.
- Alasiri nzima isiyo na haraka.

Kalamu ya skrini usiinunue bado. Sababu iko Hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Ikague ukiwa bado dukani

Laptopu nyingi za aina hii madukani Oginga Odinga Street pale Kisumu, au Kenyatta Avenue pale Nakuru, ni ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza: HP x360, Lenovo Yoga, Dell Latitude za kukunja. Zilishafanya kazi ofisini au darasani huko zilikotoka. Hilo si tatizo. Tatizo ni kulipa kabla ya kuangalia.

Bawaba. Inua skrini kwa kushika katikati ya ukingo wake wa juu, usiivute kwa kona. Izungushe polepole mpaka mgongo wa skrini ukutane na tumbo la laptopu. Sikiliza na utazame. Plastiki inayoachana karibu na bawaba, mlio wa kukatika, au picha inayotetemeka skrini ikiwa njiani, vyote ni dalili mbaya. Waya za skrini hupita hapohapo kwenye bawaba, na bawaba iliyokaza huvuta plastiki mpaka ipasuke. Ukiona hivyo, omba nyingine. Bei isikushawishi.

Mguso. Fungua Paint, chora kwa kidole mistari iliyokaribiana kutoka juu hadi chini, kisha ya kulala kutoka kushoto hadi kulia. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, kioo kimekufa hapo, na hakuna mpangilio utakaokifufua.

Halafu nenda "Settings", "System", "About", utafute mstari wa "Pen and touch". Mashine nzima huandika idadi ya vidole inavyotambua kwa pamoja, kwa kawaida 10. Ukikuta imeandikwa kwamba hakuna mguso wowote, ama draiva haipo, ama kuna mtu aliyetoa skrini ya kugusa akaweka ya kawaida. Hilo la pili hutokea, na muuzaji mwenyewe huenda hajui.

Betri. Sema kwa upole: "Kaka, naomba uchomoe chaja tuione ikiwaka kwa betri." Kisha tafuta "cmd" kwenye menyu ya Start, ifungue, andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Inatokea ripoti iliyohifadhiwa kwenye folda ambayo mstari huohuo utakutajia. Ifungue ulinganishe namba mbili: "Design capacity", uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na "Full charge capacity", uwezo iliobaki nao. Ikiwa ya kwanza ni 42,000 na ya pili 20,000, unanunua nusu ya betri. Hapo una hoja ya kupunguziwa bei.

Kufuli la mwenye mashine wa zamani. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakawia.

Shule na kampuni nyingi za ng'ambo husajili mashine zao kwa mtandao. Mashine ikiuzwa bila kuondolewa kwenye usajili, itakaa kimya miezi mingi ikifanya kazi vizuri. Siku utakapoifuta, yaani kuondoa kila kilichomo, na kuiunganisha na intaneti, itakukaribisha kwa jina la shule ya huko na kukutaka barua pepe ya mwanafunzi. Kufuli hili halionekani mashine ikiandaliwa bila intaneti. Ndiyo maana mwambie muuzaji aifute mbele yako kisha uiunganishe na hotspoti ya simu yako mwenyewe wakati wa kuianzisha. Ikikuuliza akaunti yoyote ya Microsoft, iko salama. Ikitaja jina la taasisi, irudishe mezani.

Angalia pia BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Izime, iwashe, na papo hapo ubonyeze F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 au F2 kwa Lenovo. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, hutaweza kubadilisha mengi baadaye.

Chromebook za kukunja, zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, nazo zipo, za bei nafuu. Kwa mtu anayehitaji Word kamili na programu za Windows, mimi simshauri. Anayezitaka kwa intaneti tu aangalie kwanza tarehe ambayo masasisho yake yataisha, na ahakikishe haijasajiliwa na shule.

Prosesa. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo tafuta inayokubali Windows 11 kihalali: RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, TPM 2.0 (chipu ya usalama), na prosesa isiyo ya kale. Kwa Intel, soma namba baada ya kistari. i5-8250U ni ya kizazi cha 8, inafaa. i5-7200U ni ya 7, haimo. Celeron N4000 imo, N3350 haimo. Muuzaji akisema "hii nimeiwekea Windows 11 na inafanya kazi", huenda ni kweli, ila imewekwa kwa mlango wa nyuma na Microsoft haiwajibiki nayo.

GB 4 za RAM ni kwa kubanana. Ukipata 8, ongeza pesa uichukue.

Umefaulu hatua hii ukitoka na risiti iliyoandikwa serial number ya mashine, ileile iliyobandikwa chini yake.

## Hatua ya 2: Stima kabla ya kila kitu

Chaja za ex-UK zina plagi ya pini tatu sawa na soketi zetu, na volti zake ni zetu. Zilizotoka Marekani huja na plagi ya pini mbili bapa. Soma kwenye chaja: ikiandikwa "100-240V", badilisha waya tu. Usimwache mtu akukatie plagi na kuunga waya kwa selotepu.

Ukanda wa ziwa na Kakamega hupata radi nyingi, hasa mchana ukielekea jioni. Kinga ya stima husaidia stima inapopanda ghafla, lakini radi ikipiga karibu hakuna kinga ya bei ya kawaida itakayoizuia. Mawingu yakijenga, chomoa. Betri ndiyo faida ya laptopu.

Ijaze hadi 100 kabla ya hatua inayofuata, kwa sababu kufuta Windows huku stima ikikatika na betri ikiwa tupu ni njia fupi ya kupata mashine isiyowaka.

## Hatua ya 3: Ifute uianze upya

Kama haikufutwa dukani, fanya sasa. Nenda "Settings", "System", "Recovery", "Reset this PC", uchague "Remove everything". Huwezi kujua ni programu gani zilizoachwa ndani, na mafaili ya mtu mwingine hayakuhusu.

Itachukua muda, huenda zaidi ya saa moja, na itajizima na kujiwasha. Usibonyeze chochote. Skrini nyeusi kwa dakika kadhaa ni kawaida.

Ikirudi, chagua nchi Kenya. Saa za eneo ziwe Nairobi, la sivyo tovuti zenye ulinzi zitakukatalia kwa sababu saa ya mashine haiafiki. Utaombwa akaunti ya Microsoft. Fungua kwa barua pepe unayoifungua kila siku, si ile uliyofunguliwa cyber miaka iliyopita na hukumbuki nywila yake.

Utaombwa pia kuweka PIN. Hiyo ni ya mashine hii pekee. Usitumie ile ya M-Pesa.

## Hatua ya 4: Kibodi iafikiane na herufi zake

Hatua hii huchukua dakika tano na ndiyo inayomaliza zaidi ya nusu ya "nywila yangu inakataliwa".

Laptopu za Uingereza zina kibodi ya Uingereza. Utaitambua kwa kitufe cha Enter kirefu kinachokula mistari miwili, na alama ya £ juu ya 3. Mashine ikifutwa na kuanzishwa kwa Kiingereza cha Marekani, Windows hudhani vitufe ni vya Marekani. Matokeo yake: unabonyeza palipochorwa @ na linatoka ". Unabonyeza palipochorwa " na linatoka @.

Sasa fikiria mwalimu anayeingia iTax au eCitizen na nywila yenye @. Kwenye skrini anaona vidoti tu. Anajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaunti inafungwa, na lawama zinaangukia mtandao.

Fungua Notepad. Andika @ " £ # \ moja moja, ukilinganisha na kilichochorwa kwenye kitufe. Kama havilingani:

1. "Settings", "Time & language", "Language & region".
2. Bonyeza vidoti vitatu mbele ya lugha yako, kisha "Language options".
3. "Add a keyboard", chagua "United Kingdom".
4. Ukishaona ipo, iondoe ile ya "US". Ukiziacha zote mbili, siku moja utabonyeza Windows pamoja na Space bila kujua na utarudi palepale.

Kama Enter yako ni fupi na juu ya 3 kuna #, kibodi ni ya Marekani. Iache ilivyo.

Umefaulu kila alama ikitoka kama ilivyochorwa. Ukiandika nywila popote, bonyeza kile kijicho pembeni uisome kwanza.

## Hatua ya 5: Masasisho na draiva

Sasa unganisha Wi-Fi isiyo ya bando. Nenda "Windows Update", bonyeza "Check for updates", ruhusu yote yashuke, iwashe upya, rudia mpaka iseme hakuna jipya. Mara ya kwanza haitoshi kamwe.

Kisha ingia "Advanced options", halafu "Optional updates". Hapa ndipo hukaa draiva za vihisi, na hapa ndipo watu hawafiki. Weka alama kwa zote zinazotaja "sensor", "touch", "graphics" na jina la kampuni ya laptopu yako.

Kama kihisi bado hakionekani, nenda kwenye tovuti ya msaada ya kampuni iliyoitengeneza, HP, Lenovo au Dell, uingize serial number ya mashine na upakue draiva kutoka huko. Usipakue zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote. Zinaleta matangazo, na mengine mabaya kuliko matangazo.

Ukimaliza na kurudi kwenye bando la simu, nenda "Network & internet", "Wi-Fi", kwenye sifa za mtandao wako washa "Metered connection". Windows itaacha kujishushia masasisho makubwa kwa pesa yako.

## Hatua ya 6: Sasa ikunje

Futa meza kwanza. Ukiikunja kuwa tabuleti, vitufe vitakuwa chini vikigusa meza, na punje ya mchanga au makombo ya mandazi huingia humo na kukaa.

Izungushe polepole. Skrini ikishapita kulala bapa, mambo matatu yatatokea: kibodi na paneli ya kugusa vinazima, vitufe vya skrini vinapanuka kidogo, na picha inaanza kufuata unavyoigeuza mashine. Kibodi kuzima hapa ndiyo kazi yake. Bila hivyo vidole vyako vilivyoshika nyuma vingekuwa vinaandika. Irudishe kuwa laptopu na kibodi itaamka.

Mikao iko mitatu. Hema, yaani ikisimama kama herufi A kubwa, ni ya kutazamia video jikoni au kufundishia kikundi kidogo. Jukwaa, kibodi ikilala chini na skrini ikikutazama, ni ya mikutano ya video. Na tabuleti. Kwa maoni yangu hema ndilo linalohalalisha bei ya mashine hii. Tabuleti watu huitamani, kisha mkono unachoka, maana nyingi zina uzito wa kilo moja na zaidi.

Sasa yale yanayosumbua:

Skrini haizunguki. Bonyeza Windows pamoja na A, tazama kama "Rotation lock" imewashwa, uizime. Ikiwa imefifia na haibonyezeki ukiwa kwenye mkao wa laptopu, hiyo ni kawaida, ikunje kwanza ndipo ujaribu. Ikibaki imefifia hata mashine ikiwa imekunjwa, kihisi hakina draiva: rudi Hatua ya 5.

Kibodi imekufa ingawa iko kwenye mkao wa laptopu. Tafuta sumaku. Mashine hizi hujua zimefungwa au zimekunjwa kwa kutumia vihisi vya sumaku, na hudanganyika. Kifuniko cha simu chenye kifungo cha sumaku kilichowekwa pembeni ya kibodi, kifungo cha mkoba, kibweta cha vipokea sauti, hata laptopu nyingine iliyowekwa chini yake, vyote vinaweza kuizima kibodi au skrini. Ondoa vyote. Bado? Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 mpaka izime kabisa, iwashe upya.

Inajizima ukiishika kama tabuleti. Kitufe cha kuwasha mara nyingi kiko ubavuni, pale kiganja kinaposhika. Tafuta "power button" kwenye menyu ya Start, na ukibadilishe kiwe hakifanyi chochote kikibonyezwa kidogo. Kukibonyeza kwa muda mrefu bado kutaizima.

Mguso umekufa ghafla. Bonyeza kulia kwenye Start, fungua "Device Manager", kisha "Human Interface Devices". Tafuta "HID-compliant touch screen", bonyeza kulia, "Disable", halafu "Enable". Ikirudi kufanya kazi, kioo ni kizima.

Skrini inajigusa yenyewe. Ifute kabla ya kuogopa. Kwa joto la Kisumu mikono hutoa jasho, na jasho na mafuta ya samaki huichanganya skrini. Izime, futa kwa kitambaa kikavu, au chenye unyevu kidogo wa maji. Dawa ya kufutia madirisha usiiguse. Pia jaribu kuchomoa chaja: kujigusa kukikoma, huenda chaja ndiyo mbaya.

## Hatua ya 7: Vidole

Gusa mara moja ni kubonyeza. Gusa na ushikilie ni kubonyeza kulia. Vidole viwili hukuza na kupunguza. Vidole vitatu kwenda juu huonyesha madirisha yote yaliyo wazi, vitatu kwenda chini hukuonyesha skrini ya mwanzo (desktop). Kuvuta kutoka ukingo wa kulia huleta arifa.

Kibodi ya skrini isipojitokeza ukigusa mahali pa kuandika, nenda "Personalization", "Taskbar", uiweke "Touch keyboard" ionekane daima. Alama yake itakaa chini kulia.

## Hatua ya 8: Kalamu

Kuna kalamu za aina mbili na zinachanganywa kila siku.

Ile yenye ncha ya mpira mweusi, ya bei ya chini, hufanya kazi kwenye skrini yoyote ya kugusa kwa sababu skrini inaiona kama kidole. Haijui nguvu ya mkono, na ukilaza kiganja skrini inadhani nawe unachora.

Kalamu halisi ina elektroniki ndani, na lazima izungumze lugha ya skrini yako. Lugha hizo ni kama MPP ya Microsoft, AES ya Wacom, na EMR, ambayo haihitaji betri. Kalamu ya MPP kwenye skrini ya AES ni kijiti tu. Zipo chache zinazojua zote mbili, kama Bamboo Ink ya Wacom. Kwa hiyo tafuta kwanza modeli kamili ya laptopu yako kwenye tovuti ya aliyeitengeneza, usome ni kalamu ipi inaikubali. Baadhi ya laptopu hizi zina mguso lakini hazikubali kalamu halisi yoyote. Ule mstari wa "Pen and touch" wa Hatua ya 1 utakuambia: ukitaja "Touch" bila "Pen", usipoteze pesa.

Kalamu nyingi hutumia betri ya AAAA, nyembamba kuliko AAA ya rimoti. Kioski cha mtaani hakitakuwa nayo, agiza pamoja na kalamu.

Jaribio lake ni hili: fungua faili ya PDF kwa Edge, bonyeza "Draw", laza kiganja kwenye skrini kama unavyofanya kwenye daftari, uandike jina lako. Jina likitoka bila mikwaruzo ya kiganja, umefika. Mwalimu anaweza sasa kusahihisha kazi ya mwanafunzi bila kuichapisha, na katibu wa chama kutia sahihi kumbukumbu za kikao na kuzituma WhatsApp papo hapo.

## Ukilazimika kwenda kwa fundi

Nenda ukiwa na maelezo, si "imeharibika". Mwambie kibodi inakufa ikiwa katika mkao upi, mguso unapotea chaja ikiwa imechomekwa au la, na kama ulishajaribu kuzima na kuwasha "HID-compliant touch screen". Mwambie pia kwamba ni ya kukunja kabla hajaifungua, kwa sababu ndani yake mpangilio wa bawaba na waya za skrini si ule wa laptopu ya kawaida.

Na ukienda kwa boda, ivae mgongoni ikiwa imefungwa kama laptopu, skrini ndani. Ikibebwa imekunjwa kuwa tabuleti, kioo ndicho kinachotangulia kupokea kila kitu.